Siku zinapofupika: Oktoba ya Berlin, Prague na Vienna

Nimezaliwa Lindi, na Lindi jua halijali mwezi. Huchomoza mnamo saa kumi na mbili, huzama mnamo saa kumi na mbili, na kati ya siku yenye mchana mrefu kuliko zote na ile yenye mchana mfupi kuliko zote tofauti haizidi sana saa moja. Berlin tofauti hiyo inapita saa tisa. Mwezi wa Juni watu wanakula chakula cha usiku barazani na bado kweupe. Desemba, ikifika saa kumi jioni, taa za barabarani zinawaka. Oktoba iko katikati ya mteremko huo, na mchana unapungua karibu dakika nne kila siku. Kwa wiki moja ni karibu nusu saa. Mgeni anayetoka kwetu hahitaji kalenda kuliona hilo. Akiwa na desturi ya kutoka nje baada ya alasiri, ataona kila siku kivuli chake kimemtangulia.

Nilifika Berlin wiki ya pili ya Oktoba 2024 kumwona mdogo wangu, ambaye anasomea sayansi ya mimea huko baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Baba yetu alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka huohuo. Sisi huzika siku ileile, kwa hiyo mdogo wangu hakuwahi. Alisikiliza dua kwenye simu. Mama ndiye aliyesema niende, tena akanifungia korosho kilo kadhaa na doti mbili za kanga, akasema niende nikamtembeze mwenzangu, asishinde ndani. Basi tukapanga likizo: Berlin, kisha Prague, kisha Vienna, yote kwa treni.

Tangu nirudi, wengi huniuliza kuhusu Lango la Brandenburg na makasri ya wafalme. Nimeviona, ni vizuri, na picha zake zipo kila mahali. Ninayotaka kuyaandika ni mengine.

Siku ya kwanza alinipeleka Tiergarten, ile bustani kubwa katikati ya Berlin. Kwetu pia miti hupukutisha majani. Mibuyu na miyombo hubaki mitupu kiangazi. Lakini ile ni kiu. Huku mvua ilikuwa ikinyesha na ardhi imeloa, na majani yalikuwa yanaanguka hata hivyo. Mdogo wangu akanieleza taratibu, kwa sauti ileile ambayo Baba alikuwa akiitumia kutufundisha kusoma ramani. Jani lina rangi ya njano ndani yake tangu linapochipua, ila ukijani umeifunika. Siku zikianza kufupika, mti huacha kutengeneza ukijani, huuvunja, na kurudisha virutubisho kwenye matawi na shina. Ndipo ile njano iliyokuwemo siku zote huonekana. Wekundu ni habari nyingine: huo hutengenezwa upya siku za mwisho, kwa sukari inayobaki ndani ya jani. Halafu kwenye kikonyo, mahali kinaposhikana na tawi, hujijenga utando mwembamba wa kulitenga jani, na upepo kidogo unatosha kuliangusha.

Akaniinamishia tawi nione lilikotoka jani. Palikuwa na alama ndogo yenye umbo la mwezi mchanga, kavu, imeshafungwa kabisa, na juu yake tu kichipukizi kigumu cha mwaka unaofuata. Kilikuwa tayari kimeumbika, kimefungwa kwenye magamba ya kahawia. Sikujua hilo. Nilidhani mti hungoja baridi iishe ndipo uanze kupanga.

Kesho yake tukaenda Makumbusho ya Historia Asilia, mtaa wa Invalidenstraße. Mtoto yeyote wa Lindi amekua akisikia habari za mjusi mkubwa, yaani dinosaria, aliyechukuliwa na Wajerumani. Wazee wanalizungumza, walimu wanalizungumza, limefika mpaka Bungeni. Mifupa ilichimbwa kilima cha Tendaguru, kilometa kama 60 kutoka Lindi mjini, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati vidonda vya vita vya Maji Maji havijapona. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi, zikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mamia ya wanaume walifanya kazi chini yake. Wanataaluma wa Kijerumani walioongoza msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig, majina yao yamo katika vitabu vyote. Yeye inakubidi umtafute.

Nilijua yote hayo kabla sijaingia. Kilichonishinda ni kimo. Mita 13.27 ni tarakimu nyepesi ukiisoma. Ukisimama chini ya mguu wa mbele wa yule mnyama, ukainua macho ufuate mifupa ya shingo hadi kule juu kichwa kilipo, shingo yako mwenyewe inauma. Mfupa wa paja peke yake unanipita urefu. Watoto wa chekechea waliovaa vizibao vya njano walikuwa wameketi sakafuni wakichora, na mwalimu wao alikuwa akiwaonyesha kwenye ramani ya Afrika kwa kidole. Kidole kilikuwa pale pale, juu kidogo ya Lindi.

Mdogo wangu hakuwa akiitazama mifupa. Alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika nyumbani kwa jamaa. "Kaka," akaniambia, "siku nikizidiwa na upweke huwa nakuja hapa. Huyu ni wa kwetu."

Naamini Lindi inastahili sehemu ya mifupa ile, na jengo la kuiweka, na wataalamu wake wenyewe wa kuisoma. Nilikwenda nikiamini hivyo na nimerudi nikiamini zaidi. Lakini siku ile nilimshukuru Mungu kwamba mnyama yule alikuwepo Berlin kumpokea mdogo wangu.

Jioni tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi Wedding, kwenye mitaa iliyopewa majina ya Afrika enzi za ukoloni na baadaye. Kuna Sansibarstraße, kuna Tangastraße. Palikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee tangu mwaka 1939, kwa heshima ya Carl Peters, ambaye vitabu vyetu vya historia vinamkumbuka kama Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakasema sasa jina ni la Peters mwingine, Hans, mwanasiasa aliyewapinga Wanazi, lakini kibao kilibaki kilekile. Ilichukua miaka mingi ya kudai. Tarehe 23 Agosti 2024 barabara ikagawanywa: upande mmoja ukaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke shujaa wa Namibia, na mwingine Maji-Maji-Allee.

Kwa hiyo tulipofika, jina lilikuwa na umri wa wiki chache tu. Nyumba za ghorofa za kawaida, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, majani yaliyoloa yamelundikwa ukingoni mwa barabara. Nikampiga picha mdogo wangu chini ya kibao. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama mbali kidogo akasubiri tumalize, kisha akauliza kwa adabu kama tunatoka huko. Mdogo wangu akamjibu kwa Kijerumani, ndiyo, tena kusini hasa, kwenye vita vyenyewe. Mzee akasema imembidi abadilishe anwani kwenye kitambulisho na barua zake zote, na kwamba mwanzoni lilimkera. Halafu akasema hakuwa amewahi kufundishwa habari za vita ile shuleni, hata mstari mmoja, na kwamba sasa amesoma. Akataja Kilwa. Akataja pamba. Alisimama nasi muda mrefu kwenye ubaridi ule, na mbwa wake akalala juu ya majani.

Treni ya kwenda Prague hufuata mto Elbe baada ya Dresden. Kuna sehemu miamba ya mchanga inasimama wima juu ya mto na ukungu unayajaza mabonde, na abiria wote, hata wale wenye kompyuta, wanaacha wanachofanya. Ndani ya behewa la chakula la Wacheki wanapika kwelikweli, na supu yao ya viazi ni nzito, yenye uyoga. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu alipoziona korosho akaomba kuuliza zinakuwaje mtini. Nikamchorea kwenye kitambaa cha karatasi: bibo juu, korosho imening'inia chini yake, nje kabisa. Hakuamini mpaka mdogo wangu alipomwonyesha picha kwenye simu.

Prague nilikuwa nimeambiwa niitazame saa ya ukutani ya Mji Mkongwe, iliyojengwa mwaka 1410. Kila saa, watu hujazana chini yake kuwaona mitume wakipita dirishani na mifupa ya Kifo ikivuta kamba ya kengele. Nikawaona. Mitume walipoisha umati ukatawanyika, na mimi ndipo nilipoanza kuiangalia saa yenyewe.

Ina nyuso mbili, moja juu ya nyingine, na ile ya juu haisomi wakati wa aina moja tu. Tarakimu za Kirumi zinatoa saa za kawaida za Ulaya. Nje yake kuna pete nyeusi yenye tarakimu za dhahabu za kale, moja hadi 24, na pete hiyo inahesabu tangu jua linapozama. Kwa kuwa jua la huko halizami wakati mmoja, pete husogezwa mwaka mzima kulifuata. Na ndani, juu ya sehemu ya buluu ambayo ni mchana, kuna mistari iliyopinda inayougawa mchana sehemu 12 kuanzia linapochomoza. Kijua cha dhahabu kinapita juu ya mistari hiyo. Kikivuka wa kwanza, saa moja ya mchana imekwisha. Kikivuka wa tatu, tatu zimekwisha.

Nilimshika mdogo wangu mkono. Ilikuwa ni hesabu yetu, ukutani, katikati ya Ulaya, kwa miaka zaidi ya 600.

Karibu nasi alikuwepo mwongoza wageni, mtu mzima mwenye mwavuli, aliyekuwa amemaliza kazi na kundi lake. Nikamwambia kwamba kwetu bado tunahesabu hivyo, mamilioni kwa mamilioni ya watu, sokoni, shuleni, redioni. Akaniuliza, sasa hivi ni saa ngapi kwenu? Sikumpa wakati wa Tanzania. Nilimsomea ileile ya Prague kwa namna yetu: saa tano asubuhi. Akatazama saa yake ya mkononi, ilikuwa 11 kwa hesabu ya Ulaya, akahesabu kwa vidole kurudi nyuma hadi alfajiri. Akanionyesha palipo na tatizo. Kwa jua la Prague mwishoni mwa Oktoba, mchana ulikuwa umeanza saa moja na nusu na zaidi; hesabu yangu ilikuwa ya jua la nyumbani. Zamani hapa, akasema, saa za mchana zilikuwa zikifupika zenyewe majira haya, ili ziwe 12 daima. Mkulima alikuwa na saa 12 Juni na saa 12 Desemba, ila za Desemba zilikuwa nusu ya zile. Aliyasema kwa mapenzi makubwa, kama mtu anayemsifu babu yake. Tuliachana kwa kupeana mikono.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa usiku ilirudishwa ikawa saa nane. Nchi zote za Umoja wa Ulaya hufanya hivyo usiku uleule. Mdogo wangu aliniambia kuwa Jumapili hiyo ndiyo ngumu kwake kuliko zote za mwaka. Siku nyingine mwanga unaibwa kidogo kidogo. Siku hiyo jioni nzima inaondoka kwa mkupuo. Tulipanda Letná, kwenye kilima kinachoutazama mto na madaraja yake, na kabla ya saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limekwenda. Nilitazama watu. Hakuna aliyekimbilia nyumbani. Walifunga makoti, wakawasha taa za baiskeli, wakaendelea kuzungumza na kunywa vinywaji vya moto wakiwa wamesimama.

Tukampigia Mama kwa video. Jumamosi tulikuwa nyuma yake kwa saa moja, sasa tulikuwa nyuma kwa saa mbili. Alikuwa ameshaswali magharibi. Akaitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi, akahesabu.

"Kwani mmezidi kwenda mbali?" akauliza.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi zilizoloa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nifike.

Vienna tulifika kukiwa na baridi ya kweli. Kwenye kona za mitaa kuna vibanda vya watu wanaochoma njugu za miti yao, kubwa, za kahawia, zinazong'aa. Wanaziita Maroni. Nilisimama kumtazama mchomaji mmoja kwa muda. Alikuwa na kisu kifupi kilichopinda, na kila njugu aliikata ganda kwa mkato mmoja, bila kutazama, kabla ya kuitupa kwenye chuma cha moto. Usipoikata, mvuke unakosa pa kutokea na inapasuka. Zikishaiva ule mkato unafunguka, ganda linajikunja nyuma, na ndani inaonekana rangi ya siagi. Akatujazia mfuko wa karatasi. Ukweli, ladha yake ni ya kokwa za fenesi zilizochemshwa, unga uleule, utamu uleule wa mbali. Tuliziweka kwenye mifuko ya koti na kutembea nazo zikitupasha mikono.

Tarehe 1 Novemba Austria ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na watu huenda makaburini. Tulipanda tramu namba 71, ambayo huenda hadi Zentralfriedhof, makaburi makuu yaliyofunguliwa mwaka 1874. Karibu watu milioni tatu wamezikwa humo, wengi kuliko wakazi wa Vienna walio hai. Watu wa mji husema kwa aliyefariki kwamba amepanda 71. Siku ile tramu ilijaa maua ya krisanthemamu, mashada ya misonobari, watoto waliovalishwa vizuri. Hakuna aliyelia. Walikuwa kama watu wanaokwenda kumtembelea shangazi.

Tulipita kwenye makaburi ya wanamuziki, Beethoven na Schubert na Brahms wakiwa jirani, watalii wakipiga picha. Kisha tukaziacha njia kubwa tukaingia kwa watu wa kawaida. Giza lilipoanza, taa zikaonekana: vikombe vyekundu vyenye mishumaa, vimefunikwa visizimwe na upepo, safu kwa safu hadi macho yanapoishia. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti akisugua jiwe kwa brashi na maji ya chupa. Alipomaliza akatuita. Mgongo haumruhusu kuinama tena, alisema, na kaburi la pili kutoka la mumewe halina wa kulijia miaka mingi sasa. Akampa mdogo wangu mshumaa na kiberiti.

Kwetu hatuwashi mishumaa. Sisi husoma Yasini, tunang'oa majani, tunamwagia maji. Lakini mdogo wangu aliinama, akafagia majani makavu kwa mkono juu ya jina la mtu asiyemjua, akayakusanya pembeni vizuri, akauwasha. Alikaa pale kuliko ilivyohitajika. Nikasoma Fatiha kwa ajili ya Baba, kimoyomoyo, na nikamwona midomo yake nayo ikisogea.

Kwenye tramu ya kurudi tulipata viti. Mwanamke aliyeketi mkabala alikuwa na mkate mtamu uliosukwa kama nywele, ambao huko wazazi wa ubatizo huwapa watoto siku hiyo, na mjukuu wake alikuwa ameshaumega nusu. Akatukatia kipande. Tulikuwa tunakula bado mdogo wangu aliponiuliza, bila kunitazama, ni nani aliyeingia kaburini kumpokea Baba.

Hakuwa ameuliza hata mara moja, si kwenye simu, si Berlin. Nikamwambia ni mimi, na Amu Salum, na mtoto wa jirani ambaye Baba alikuwa akimlipia ada. Akauliza ilikuwa saa ngapi. Nikamwambia baada ya adhuhuri, na kwamba masika ilikuwa imeshika, udongo mzito, wachimbaji wamevua viatu. Akauliza nani aliswalisha, Mama alikuwa wapi, kanga gani alivaa, watu wa ofisini kwake walifika wangapi, nani alilisha watu futari. Kila jibu lilizaa swali. Tulipofika Schwarzenbergplatz tulikuwa hatujafika hata kwenye hitima, basi tukaingia mkahawa wa karibu uliokuwa wazi, wale wa Vienna wanaokuletea kahawa kwenye sinia pamoja na glasi ya maji na hawakuulizi utaondoka saa ngapi, nikaendelea.